Juma Moja la Mwanafunzi: Maji, Mbuzi na Kisiki cha Mgunga

(Somo hili lilisomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limepigwa chapa ili lisomwe tena darasani. Kiongozi wa darasa asome sehemu moja kwanza, kisha wanafunzi waisome wenyewe kwa sauti, mmoja baada ya mwingine.)

Natumaini kila mmoja amekwisha pata mahali pa kukaa, na daftari na kalamu yake iko tayari. Leo tutasoma, tena tutapiga hesabu kidogo. Msiogope hesabu hiyo. Ni hesabu ya maji, na maji twayajua sote.

Kila asubuhi mtoto wako hutoka nyumbani kwenda shuleni. Mkononi ana daftari. Mkono wa pili ana kidumu cha maji. Siku nyingine ana fagio, au jembe. Wewe mzazi wamtazama akienda, na huenda umejiuliza moyoni: "Je, mtoto huyu nimempeleka kusoma, au nimempeleka kufanya kibarua?"

Swali hilo ni la haki, na mzazi anayeliuliza si mkorofi. Leo tutajaribu kulijibu, wala sitawaficheni kitu. Tutamfuata binti mmoja wa darasa la tano kwa muda wa juma zima. Binti huyu ni mfano tu, kwa hiyo sitampa jina. Lakini mambo yatakayompata nimeyaona mara nyingi katika shule nilizozitembelea kwa kazi yangu ya elimu.

NCHI YETU ILIVYO

Kabla ya kuanza safari, yafaa tujue nchi tunayopita. Dodoma iko juu ya uwanda wa katikati ya Tanzania, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu. Huanza karibu na Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Kwa mwaka mzima twapata kiasi cha milimita 500 hadi 600. Tangu Mei hata Novemba nchi ni kavu, upepo wavuma, na jua lachukua maji yote liyaonayo.

Watu wengi husema, "Huku kwetu hakuna mvua." Basi tuhesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hutoa lita moja ya maji. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,000. Kwa hiyo mvua ya milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000. Mvua ya milimita 500 ni mara 500 ya hizo. Andikeni: 4,000 mara 500 ni 2,000,000. Ndiyo, lita milioni mbili katika ekari moja, kwa mwaka mmoja!

Basi maji hayo huenda wapi? Mwayajua mliokwisha ona mvua ya Januari. Hunyesha kwa nguvu kwa muda mfupi. Udongo uliochomwa na jua umekuwa mgumu kama sakafu, wala haunywi upesi. Maji hukimbilia korongoni, nayo huchukua udongo mzuri wa juu. Kesho yake shamba limekauka, na korongo limeongezeka upana. Kwa hiyo taabu yetu ni mbili: mvua ni chache, na hiyo chache haikai. Kuiongeza hatuwezi. Kuikalisha twaweza.

JUMATATU: PAREDI

Sasa tumfuate binti wetu. Jumatatu kengele imelia. Wanafunzi wamepanga mistari. Mwalimu wa zamu amekagua kucha na sare, kisha mwalimu wa mazingira ametangaza kazi za juma. Binti yetu ni mwanachama wa klabu ya mazingira. Hakulazimishwa kuingia. Aliandikisha jina lake mwenyewe kwa sababu rafiki zake wawili walikuwamo.

Mambo haya ya kazi za mikono shuleni si mapya. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa mafundisho yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule isiwe mahali pa kumtenga mtoto na kazi za wazazi wake. Shule iwe na shamba, na shamba hilo liwe darasa pia. Baadaye vikatokea vyama vya wanafunzi vya hiari. Klabu za Malihai zilianza mwaka 1980. Mwaka 1991 Bibi Jane Goodall, yule mtaalamu wa sokwe wa Gombe aliyefariki mwaka 2025, alianzisha pamoja na wanafunzi wachache wa Dar es Salaam chama cha Roots & Shoots, ambacho kimeenea katika nchi nyingi za dunia.

Na sisi watu wazima pia tulifundishwa. Wazee mlio darasani huenda mwakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokusanyika kwa vikundi mbele ya redio kama ninyi leo. Mwaka 1980 ikaja nyingine, jina lake Misitu ni Mali. Kwa hiyo mtoto akija nyumbani na habari za miti, asidhaniwe kuwa ameleta jambo geni. Amerudisha jambo ambalo babu yake alilisikia redioni.

JUMANNE: CHUPA MBILI

Jumanne kuna somo la sayansi. Mwalimu ameleta chupa mbili kubwa za plastiki, zilizotupwa njiani. Amezikata ubavuni, akazilaza mezani kama mitumbwi midogo. Ya kwanza ameijaza udongo mtupu. Ya pili ameijaza udongo wenye majani yaliyoota. Kisha amezinamisha kidogo, na chini ya kila mdomo ameweka kikombe. Wanafunzi wawili wamemwagia maji, kikombe kimoja kila chupa.

Katika ile ya udongo mtupu, maji yametoka upesi, mekundu mazito kama chai ya maziwa. Katika ile ya majani, maji yametoka polepole, machache, tena yamekaribia kuwa safi. Mwalimu hakusema neno. Aliuliza tu, "Shamba la kwenu liko katika chupa ipi?"

Binti yetu hakujibu. Alikuwa akifikiri juu ya shamba la baba yake, lile la karibu na korongo.

Ninyi pia mwaweza kufanya jaribio hili darasani. Chupa ni bure, na udongo ni bure.

JUMATANO: HESABU YA VIDUMU

Jumatano ni zamu ya darasa la tano kumwagilia. Shule ina miche 200 iliyopandwa wakati wa mvua. Sasa ni mwezi wa Juni. Tuseme kila mche wahitaji lita 5, mara mbili kwa juma. Andikeni: 200 mara 5 ni 1,000. Mara 2 ni 2,000. Lita 2,000 kwa juma moja!

Mtoto wa darasa la tano hubeba kidumu cha lita 5. Gawanyeni 2,000 kwa 5. Jibu ni 400. Vidumu 400 kila juma, navyo ni 80 kwa kila siku ya masomo. Na kiangazi chetu ni cha majuma 30 hivi. Zidisheni 2,000 kwa 30. Jibu ni lita 60,000.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana ndipo penye jambo lenyewe. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kazi hii, nilisimamia siku ya kupanda miti katika shule moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa mwezi wa Aprili. Wageni walikuja, hotuba zilisomwa, kila mgeni akapanda mche wake na kupigwa picha. Nilirudi mjini nimefurahi. Mwezi wa Septemba nilipita tena. Niliona mashimo, vijiti vikavu, na viriba vya plastiki vilivyopeperushwa na upepo vikanasa katika miiba. Mwalimu mmoja aliniambia kwa adabu, "Bwana Elimu, watoto walibeba maji mpaka Julai. Kisha kisima kikakauka."

Nililala vibaya siku ile. Watoto wale walikuwa wamebeba maji miezi mitatu kwa kazi ambayo mimi sikuipigia hesabu. Kosa halikuwa lao, wala halikuwa la miti. Kosa lilikuwa la kwangu. Nilihesabu miche iliyopandwa, sikuhesabu vidumu vitakavyobebwa.

Kwa sababu hiyo nawaambieni wazi: kujitolea ni jambo jema, lakini kazi isiyopigiwa hesabu huwachosha watoto bure, na mwisho huwafundisha kwamba miti haioti. Kwa miaka mingi Siku ya Taifa ya Kupanda Miti iliadhimishwa tarehe 1 Aprili. Katika mikoa yenye masika marefu tarehe hiyo yafaa sana. Lakini kwetu Dodoma mvua za Aprili ni za kuaga. Mche unaotaka kuishi huku upandwe Desemba au mapema Januari, ardhi ikisha lowa vizuri, upate miezi mitatu minne ya kushusha mizizi.

Tena kuna paa. Paa la bati la madarasa mawili, lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, lina mita za mraba 200. Mvua ya milimita 500 juu yake ni lita 100,000. Hata kama sehemu moja katika tano ikipotea, hubaki 80,000. Linganisheni na zile 60,000 za miche! Paa lile lile linaloangusha maji na kuchimba shimo mlangoni mwa darasa, laweza kuinywesha miti kiangazi kizima. Kinachotakiwa ni mifereji ya bati na tangi. Tangi la kutosha ni ghali, hilo sitalificha. Lakini hata tangi dogo huwapunguzia watoto safari nyingi, nalo ni jambo la kuzungumzwa katika kamati ya shule, ambamo ninyi wazazi mna sauti.

ALHAMISI: KISIKI KILICHO HAI

Alhamisi, baada ya masomo, klabu imekwenda ukingoni mwa shamba la shule. Pale hapana miti. Pana vichaka vifupi vya miiba, vinavyofika magotini. Bwana Misitu amekuja. Amepiga goti, akafunua majani ya kichaka kimoja, akawaonyesha watoto kitu. Chini ya vile vijiti palikuwa na kisiki kinene cha mgunga.

"Mti huu haukufa," alisema. "Ulikatwa. Mizizi yake ingali chini, mirefu, nayo imekwisha fika penye unyevu. Kila mwaka huchipua, na kila mwaka mbuzi hula au jembe hukata. Ndiyo maana umekuwa kichaka."

Hiyo ndiyo maana ya jina kisiki hai. Mche mpya wa kutoka kitaluni una mizizi ya shibiri moja. Kisiki cha mgunga kina mizizi ya miaka mingi. Mche wahitaji vidumu. Kisiki hakihitaji hata kimoja.

Kazi yake ni ya hatua nne, nazo mziandike:

1. Chagua. Tafuta kisiki chenye machipukizi yenye afya, mahali ambapo mti hautazuia kazi. Katika machipukizi, chagua matatu hadi matano yaliyo manene na yaliyonyoka.

2. Pogoa. Kata mengine yote karibu na kisiki kwa panga kali. Kata kwa kuelekea juu, ili ganda lisichanike. Katika yale yaliyobaki, ondoa matawi ya chini mpaka nusu ya urefu wake.

3. Weka alama. Funga kitambaa cha rangi, ili mwenye jembe na mwenye kuni wajue kwamba mti huo una mwenyewe.

4. Tunza na linda. Rudia kupogoa kila baada ya miezi michache, na zuia mifugo mpaka mti upite urefu wa mdomo wa mbuzi.

Njia hii si ngano. Katika nchi ya Niger, ukingoni mwa jangwa la Sahara, Bwana Tony Rinaudo kutoka Australia alikuwa akipanda miche mwaka hata mwaka, nayo ikifa. Mwaka 1983 alisimamisha gari lake njiani, akatazama kichaka, akatambua kwamba ni mti uliokatwa. Aliwashawishi wakulima wachache wajaribu kuviacha visiki viote. Wakulima wakafundishana wao kwa wao, na leo eneo lililorudiwa na miti katika nchi ile hukadiriwa kuwa hekta milioni 5. Hapa kwetu, taasisi ya LEAD Foundation ya Mpwapwa, pamoja na Justdiggit ya Uholanzi, walianza mwaka 2018 kuieneza katika vijiji vya mkoa wa Dodoma, na jina la Kisiki Hai limejulikana tangu wakati huo.

Watoto walipogoa visiki 12 jioni ile. Binti yetu alipewa kimoja, akafunga kitambaa chekundu. Vile vijiti vilivyokatwa hawakuvitupa. Walivifunga mafungu, vikapelekwa jikoni kupikia uji.

IJUMAA: MBUZI

Ijumaa asubuhi wakati wa usafi kulisikika kelele. Mbuzi sita walikuwa wamepita penye upenyo wa uzio wa miiba. Walikuwa wamekula miche 23 ya shule, tena walikuwa wameanza visiki. Kiranja aliwafukuza kwa fagio. Wote wakawatazama mbuzi wale wakikimbia, na binti yetu akainamisha kichwa. Aliwatambua. Walikuwa wa baba yake, na aliyekuwa akiwachunga ni mdogo wake wa miaka saba.

Hakusema neno siku ile. Miche 23 ni maji mengi aliyoyabeba mwenyewe. Aliona haya mbele ya rafiki zake, na aliona hofu kwa ajili ya nyumbani, kwani kamati ya shule ilikuwa imezungumza habari za faini.

Ndugu wanafunzi, hapa ndipo penye ugumu katika nchi yetu. Mbuzi si adui. Mbuzi ndiye ada, ndiye daftari, ndiye dawa mtoto akiugua. Mkulima wa Ugogo asiyekuwa na mnyama hana akiba mwaka wa njaa. Na serikali ilikwisha jaribu njia ya nguvu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la Kondoa lililoharibiwa na mmomonyoko, eneo la kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kutulia. Hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba familia nyingi zilipoteza maziwa na mbolea, au zilipeleka ng'ombe mbali kwa ndugu. Baadaye wakulima wakaanza kuruhusiwa kufuga ndani, kwa kuwakatia wanyama majani.

Na wageni nao walijaribu njia yao. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori ya Kongwa kwa matrekta ili kulima karanga. Hawakuwauliza wenyeji habari za mvua wala za udongo. Udongo ulikauka ukawa mgumu, mvua ikakosa, na mwaka 1951 mpango ukaachwa, fedha nyingi zikiwa zimepotea.

Mambo hayo mawili yatufundisha nini? Kwamba nchi hii haitengenezwi na mtu asiyeijua, wala haitengenezwi kwa kumsahau mwenye mbuzi.

JUMAMOSI: NYUMBANI

Jumamosi binti alikwenda shambani pamoja na baba yake kusafisha vichaka. Alipoona baba ameinua jembe juu ya kisiki, alisema, "Baba, naomba hicho usikikate."

Baba alisimama. Binti akamweleza yote: chupa mbili, hatua nne, na mwisho, kwa sauti ndogo, habari za mbuzi.

Baba alijibu, "Mwanangu, mbuzi hula. Ndiyo kazi yake. Uzio wenu ungekuwa uzio, wasingeingia." Kisha akaongeza, "Na mti ukikua katikati ya mtama, utaninyima jua na kuniletea ndege. Mama yako naye, kuni atapata wapi?"

Maneno hayo si ya ujinga, na binti hakuweza kuyajibu yote. Tumsaidie sisi. Kwanza, juu ya jua: mti uliopogolewa matawi ya chini hutoa kivuli chepesi, na si lazima iwe mingi. Iko hata aina ya mgunga inayopukutisha majani yake wakati wa mvua, ikawa na majani wakati wa kiangazi. Juu ya rutuba: mizizi ya migunga mingi huongeza katika udongo chakula ambacho mtama wakihitaji, na majani yakianguka huwa mbolea. Juu ya kuni: kupogoa hutoa kuni kila mwaka bila kuua mti. Kukata kisiki hutoa kuni mara moja. Juu ya ndege baba ana haki. Ndege wapo, na anayelima uwele aujua uchungu wao. Kwa hiyo miti iachwe zaidi mipakani na kando ya korongo, ambako kazi yake kubwa ni kushika udongo.

Mama, aliyekuwa akichuma mlenda karibu, alisikia yote. Akasema neno moja tu: "Zamani nilikata kuni pale penye mbuyu. Sasa naondoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali."

Baba hakuongeza neno. Alipiga hatua kando, akaenda kwenye kichaka kingine. Mwisho wa siku visiki saba vilikuwa vimebaki kando ya korongo. "Saba," alisema baba. "Misimu miwili. Tutaona." Na jioni alikata miiba, akaifunga juu ya baiskeli, akaipeleka shuleni kuziba ule upenyo. Hakuzungumza na mwalimu sana. Aliifunga miiba, akasalimu, akaondoka.

JUMAPILI: KUPUMZIKA

Jumapili binti alikwenda ibada, akafua sare, akasoma kitabu cha hadithi. Hiyo nayo ni sehemu ya elimu. Mtoto asiyepumzika hasomi.

JIBU LA SWALI LETU

Tulianza kwa kuuliza: ni masomo au ni kibarua? Sasa twaweza kujibu. Kazi ya mtoto shuleni ni masomo ikiwa ina mambo manne: anaijua sababu yake, haili saa za darasa, haizidi nguvu zake, na matunda yake hayaendi kwa mtu binafsi. Ikikosa hayo, ni kibarua, na mzazi ana haki ya kuuliza katika mkutano. Aulize kwa heshima, lakini aulize.

Na jambo hili si la shule tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, na wote wanywa na kupika. Sehemu kubwa ya maji ya mji tangu zamani yatoka katika visima vya Makutupora, upande wa Mzakwe. Wataalamu waliopima visima hivyo tangu miaka ya 1950 wameona kwamba maji ya chini hujazwa hasa katika miaka michache ya mvua kubwa. Mwaka 2017 Mama Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani. Kampeni huzinduliwa kwa siku moja. Mti hulindwa na mwenye shamba, mwenye mbuzi na mwenye panga, siku zote zinazofuata.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kisiki hai: shina la mti uliokatwa, ambalo mizizi yake haijafa.
Kitalu: mahali pa kukuzia miche.
Kiriba: kimfuko cha udongo cha kukuzia mche mmoja.
Korongo: bonde jembamba lililochimbwa na maji ya mvua.
Kupogoa: kupunguza matawi ili mti ukue vizuri.
Kujitolea: kufanya kazi kwa hiari, bila malipo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Shamba lako liko katika chupa ipi, ya kwanza au ya pili?
2. Ungekuwa baba wa binti huyu, ungeacha visiki vingapi? Wapi?
3. Mbuzi wakila miche ya shule, nani alipe: mwenye mbuzi, au wenye uzio mbovu? Toeni sababu.
4. Shule ya kijijini kwenu ina miche mingapi? Pigeni hesabu ya vidumu vyake.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja apite shambani mwake na kuhesabu visiki vilivyo hai. Aandike idadi katika daftari, na tarehe. Asiyeweza bado kuandika namba zote aombe mtoto wake amsaidie. Haitakuwa aibu. Yule binti alimfundisha baba yake habari za kisiki, na baba akamfundisha namna ya kufunga uzio.

Somo lijalo litahusu kusoma vipimo vya dawa ya mifugo. Leteni chupa tupu yenye maandishi.